Ibrahimu Aliandika

Mitwero, Lindi
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Somo yangu Ibrahimu Shamte, Kiranjeranje

Asalaam aleikum.

Namba yako ya simu haipatikani, na hata ingepatikana nisingepiga. Ninachotaka kusema kinahitaji karatasi. Mdomoni nimekisema peke yangu mara nyingi, na kila mara kimetoka kikiwa kimepunguzwa.

Nina miaka sabini na sita. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na daktari haniambii tena nirudi lini. Binti yangu Mboni hunigeuza kitandani kila asubuhi kama chapati. Nakuandikia kwa sababu ya ile siku ya tarehe 9 Juni 2020. Vumilia nikieleza unayoyajua. Nataka hata asiyejua akiisoma barua hii aelewe.

Mtambo wetu pale karakana ya kompyuta ulikuwa mashine moja iliyopokea simu za dharura za zahanati na kuziita gari za wagonjwa. Ndani ya mashine hiyo moja tulijenga vyumba, ambavyo wenye fani huviita kontena. Mwenye nyumba ni kiini cha mfumo: ndicho kinachoamua programu ipi itembee, ipi ingoje, ipi izimwe. Kila programu kinaipa namba. Lakini kila chumba kina daftari lake la namba, na nyumba nzima ina daftari lake. Programu inayoitwa namba moja chumbani, huko nje inaweza kuwa elfu nne na kitu. Na namba 812 ya chumbani na namba 812 ya nje si kitu kimoja. Ni mtu na somo wake, jina moja miili miwili, kama mimi Ibrahimu na wewe Ibrahimu.

Wewe ulifanya kazi chumbani, mimi kwenye kiini. Programu zako za kuchapa ripoti zilikuwa zinaganda, ukaniomba njia ya kuzizima bila kuniita kila mara. Nikaiandika. Ombi lako lingefika mlangoni, liwekwe foleni, na mtumishi wa kiini alichukue akipata nafasi. Nilipaswa kuitafsiri namba pale pale mlangoni, mwombaji akiwa bado amesimama, nimshike mhusika mwenyewe. Mimi nikaweka namba tupu kwenye foleni. Mtumishi yule anaishi nje. Ukimpa namba tupu, anafungua daftari la kwao.

Miezi mitano haikutokea kitu, maana namba za chumbani kwako zilikuwa ndogo, na huko nje namba ndogo ni za kiini chenyewe, hazizimiki. Siku ile namba zako zikawa zimepanda. Saa nane na dakika arobaini mchana uliomba 812 izimwe. Chumbani, 812 ilikuwa ripoti iliyoganda. Nje, 812 ilikuwa msikilizaji wa simu za zahanati.

Msikilizaji alikaa kimya mpaka saa kumi na moja. Saa tisa, muuguzi wa Kiranjeranje alikuwa anaipigia gari kwa ajili ya Antonia, mke wa Nikodemo. Gari haikuitwa, na Antonia akafa. Mengine unayajua kuliko mimi. Ni kijijini kwenu.

Kwa hiyo, Somo, nusu ya kosa ilikuwa yangu. Nakuomba radhi kabla sijaondoka. Nijibu kabla ya Ramadhani ukiweza.

Ibrahimu


Kiranjeranje
12 Februari 2025

Mwalimu,

Shikamoo siiandiki. Nimekaa na kalamu mkononi muda mrefu nikijaribu, imekataa.

Mimi ni Fauzia. Ibrahimu alifariki tarehe 21 Oktoba mwaka jana. Barua ya maiti hufunguliwa na mjane, ndiyo maana nimeisoma mimi. Ungejua amekufa kama ungemtafuta hata mara moja katika miaka minne. Watu wa karakana walikuja kuchukua kompyuta yao, wewe hukuja kuchukua hata habari.

Nikuambie alivyoishi, kwa kuwa umeniambia namba zinavyoishi. Tulirudi hapa kutoka Lindi na begi moja. Siku ya tatu alikwenda kwa Nikodemo akamwambia, "Ni mimi niliyeizima simu. Ni mkono wangu." Nikodemo hakumpiga. Angempiga ingekuwa nafuu. Alimwonyesha jembe lililoegemea ukuta, akaingia ndani. Tangu siku hiyo mume wangu alilima kwa Nikodemo. Mikorosho ya kwetu ilimezwa na magugu, ya Nikodemo ikapaliliwa, ikapuliziwa dawa, ikaokotwa, miaka minne, bila mtu kumwambia njoo wala ondoka. Watoto wa njiani walimwita Mia Nane. Aliitika.

Nyoka alimuuma chini ya mkorosho wa Nikodemo, akiokota. Walimleta nyumbani kwenye baiskeli. Nikasema tupige ile simu ya dharura. Akanishika mkono, Mwalimu, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akasema, "Simu ile? Niache, Fauzia. Mimi siistahili." Tulipompakia pikipiki alikuwa hatujui tena.

Unajua jeneza linavyopokewa kwetu. Watu hugombea thawabu, bega hadi bega. La kwake lilibebwa na wanaume sita kutoka msikitini mpaka kaburini. Wale wale sita. Hakuna aliyewapokea.

Sasa wewe unaniletea nusu. Nusu gani, ya juu au ya chini?

Barua ya kumfukuza kazi ninayo. Imeandikwa hivi: "Mwalimu wake amethibitisha kwamba sehemu yenye kosa iliandikwa na Ibrahimu." Yeye aliniambia hajawahi kugusa kiini maishani mwake, lakini akaongeza, "Mwalimu hawezi kusema uongo, labda mimi ndiye nimesahau." Alijishuku yeye kabla ya kukushuku wewe.

Radhi ya marehemu siishiki mimi. Yangu ninayo, na ina mlango mmoja. Niandikie ulichoiambia kamati, chote. Kisha weka karatasi ya pembeni, ya ungamo, kwa mkono wako, nimpe Sheikh Yasini aisome msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Mama mkwe wangu bado yuko hai. Nataka ainuke kitandani asikie mwanawe hakuua mtu. Baada ya hapo ndipo tutazungumza habari ya radhi.

Fauzia Shamte


Mitwero
27 Februari 2025

Bi Fauzia,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sikujua. Najua neno hilo ni jepesi kwako. Ni kweli hata hivyo. Kuhusu shikamoo, siwezi kusema marahaba kwa kitu nisichopewa. 

Umeuliza nusu gani. Hakuna nusu. Kosa la namba lilikuwa langu lote. Yeye aliomba namba yake halali izimwe chumbani mwake mwenyewe, kama mtu anavyoomba azimiwe taa ya chumbani kwake. Mimi ndiye niliyejenga nyumba ambamo ukizima taa chumbani, jirani anakufa.

Sasa kamati. Walikuwa watu watatu kutoka Dar es Salaam. Mimi waliniita Mwalimu, kwa sababu kila mtu aliniita Mwalimu, hata mumeo. Nadhani hawakuwahi kulijua jina langu la kwanza. Mumeo walimwita Ibrahimu, maana yeye ndiye aliyewapokea, akawaandikia hoteli, akawaletea chai. Lakini ndani ya karakana ilikuwa kinyume. Humo, kwenye kurasa za kazi, mimi ndiye niliyekuwa Ibrahimu, maana ndivyo nilivyotia sahihi juu ya kila kazi yangu tangu ujana, jina moja tu, bila la baba. Yeye humo alikuwa Somo. Hata fundi wa umeme alimwita Somo.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, sehemu hii iliyozima 812, nani aliandika?"

Ukurasa ulikuwa mbele yangu. Juu yake jina langu. Nikasema, "Ibrahimu aliandika."

Akageuka, akamtazama mumeo kupitia kioo cha mlango. Alikuwa anapanga vikombe. "Kijana huyu?"

 Nilikunywa maji. Mwenyekiti akaandika.

Ona, Bi Fauzia, sikusema uongo. Hilo ndilo linalonila. Mwongo anajua alipoanguka. Mimi nilitoa jina tupu mlangoni, nikamwachia mtu wa nje akalitafute katika daftari la kwao. Mara ya kwanza, kwenye mashine, nilifanya hivyo kwa uzembe. Mara ya pili nilifanya nikijua jinsi inavyofanya kazi, kwa kuwa ilikuwa tayari imeshaua.

Kwa nini? Nilikuwa na miaka sabini na moja, na nilikuwa nimebakiza jina tu. Yeye alikuwa na miaka thelathini na mbili. Niliona atapata kazi nyingine. Ndivyo nilivyojiambia wakati nakunywa maji.

Iko kanuni moja ya kiini ambayo niliwafundisha vijana wengi. Aliye nje ya chumba anawaona wote waliomo. Waliomo hawamwoni. Amri ya kuzima ikitoka nje, aliyemo chumbani akiuliza "Imetumwa na nani?" anajibiwa: sifuri. Hakuna namba ya kumtajia, kwa sababu mtumaji hayumo katika daftari lake. Kwa mumeo mimi nilikuwa sifuri miaka minne. Karatasi ya pembeni nimeiambatanisha. Nimeiandika mara tisa mpaka mkono ukatulia.

Ibrahimu

UNGAMO

Mimi Ibrahimu nakiri kwamba kazi iliyonyamazisha simu za zahanati siku aliyofariki Antonia, mke wa Nikodemo, niliiandika mimi, na jina lililo juu yake ni langu. Nilipoulizwa sikusema ukweli wote. Somo hakuandika hata mstari mmoja, na hana hatia. Naomba radhi kwa Nikodemo, kwa watu wa Kiranjeranje, na kwa Mwenyezi Mungu.

Ibrahimu


Kiranjeranje
15 Machi 2025

Mwalimu,

Imesomwa jana. Msikiti ulijaa, kwa kuwa ni Ramadhani. Nilikaa upande wa wanawake na mama mkwe, aliyeletwa kwa kubebwa, nimemwegemeza kifuani kwangu.

Sheikh Yasini ana sauti nzuri. Alisoma polepole. "Mimi Ibrahimu nakiri..." Upande wa wanaume ukainuka mguno, nami nikadhani ni mguno wa watu wanaotubu. Alipofika "Somo hana hatia," nikasikia mtu akiuliza, "Somo ndiye nani?" Mwingine akajibu, "Mwenzake wa huko Lindi. Si unaona, anamkinga rafiki yake."

Umeelewa, Mwalimu? Au nikuchoree?

Hapa Kiranjeranje Ibrahimu wa simu ni mmoja, na yuko kaburini. Hakuna anayemjua Somo. Umeandika ungamo kwa lugha ya chumbani kwenu, ukalituma nje likiwa tupu. Wamefungua daftari la kwao. Wamemkuta mume wangu.

Hukuweka tarehe. Hukuweka jina la baba. Mwalimu mzima! Kwa hiyo wanasema Ibrahimu aliacha ungamo kwenye sanduku kabla ya kufa, na mimi nimelikalia miezi mitano kwa aibu. Alikuwa mzembe, sasa ni mwongo aliyekiri. Mama mkwe amenigeuzia uso ukutani. Aliniambia neno moja tu, "Kumbe."

Nikodemo amekuja leo asubuhi. Hajakanyaga uani kwetu tangu Antonia afe. Amelileta lile jembe, amelilaza mlangoni. Akasema, "Fauzia, nilikuwa nimeanza kudhani labda yule kijana alionewa. Miaka minne kalima kama asiye na hatia. Asante kwa kunitoa shaka. Na huyo Somo, mpe salamu."

Nikamwambia ni Ibrahimu mwingine, mzee, yuko Mitwero, yuko hai. Habari ikafika bombani, wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. "Mwenzetu kapata Ibrahimu wa pili! Na edda yenyewe haijapoa!" Nikazichukua barua zako zote nikampelekea Sheikh Yasini. Akazitazama juu, akazitazama chini. "Hii imeandikwa kwa Ibrahimu, imetiwa sahihi na Ibrahimu. Bibi, mtu anajiandikia mwenyewe? Na tarehe huwekwa na mwenye kalamu, na hii ya pili mjane anaweza kumwandikisha mtu yeyote." Nikamwomba akupigie. Akapiga mbele yangu. Alipokea binti yako. Akasema baba hawezi kuongea, na hakuna jambo lolote la Kiranjeranje analolijua.

Kosa moja ni langu, nalikubali. Karatasi yako niliisoma kabla ya kuitoa, na sikuona kasoro. Nimeishi na Somo miaka kumi na moja, najua nani ni nani. Niliisoma nikiwa chumbani.

Sheikh amesema atakubali kitu kimoja. Majina yako matatu. Mahali ulipo. Tarehe. Namba ya kitambulisho chako. Dole gumba kwa wino. Na iandikwe wazi kwamba Ibrahimu Shamte, wa Kiranjeranje, aliyefariki, siye. Kwa mkono wako mwenyewe, mkono ule ule wa barua hizi, alinganishe. Akiipata ataisoma Ijumaa yoyote, hata kama ni mbele ya watu watatu.

Ningekuja Mitwero mwenyewe nikushike kidole. Siwezi kumwacha mama mkwe, hawezi hata kujigeuza, kama wewe. Tofauti ni kwamba yeye hakuua mtu.

Fanya haraka kufa kwako kusitangulie. Ukiitimiza hiyo, radhi yangu nitakupa, na shikamoo nitaiandika. Nakuahidi, na mimi jina langu ni moja kila mahali.

Fauzia


Mitwero
24 Machi 2025

Bi Fauzia,

Anayeandika ni Mboni, mimi nasema tu. Mkono wangu nauhifadhi kwa ile karatasi. Naandika mistari miwili asubuhi, napumzika, naandika mmoja jioni. Itakuwa na kila kitu ulichotaja. Ikikauka Mboni ataifunga bahasha aipeleke stendi, aikabidhi basi la Kilwa.

Kuna jambo moja bado. Nilitaka kufa nalo. Barua yako imenifanya nione kwamba ndilo jambo lenyewe, na mengine yote ni mapambo.

(Baba amelala. Tumeendelea baada ya adhuhuri. M.)

Siku ya pili baada ya Antonia kufa, kabla kamati haijaja, mumeo alinifuata karakana. Hakuwa amelala. Alisema, "Mwalimu, nimeangalia ombi langu mara mia. Sioni nilipokosea."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaliona kosa langu. Nililiona usiku wa kuamkia siku hiyo, mstari mmoja, wazi kama jino lililong'oka.

Nikamwuliza, "Somo, uliandika namba gani?"

"812, Mwalimu. Nina hakika."

"Njoo uone 812 ni nani."

Nikafungua daftari la nje. Yeye hakuwahi kuliona, maana aliye chumbani haruhusiwi kuliona, na mimi sikuwahi kumfundisha kwamba yako mawili. Nikamshushia mstari kwa mstari mpaka 812. Lilikuwa pale: msikilizaji wa simu. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. 

"Basi ni mimi," akasema.

Ningeweza kusema, "Hiyo siyo 812 yako." Maneno manne. Nilikuwa nayo ulimini.

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Ni wewe."

Akalia. Nikampa leso yangu. Kesho yake aliirudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, bila shaka na wewe.

Kwa hiyo kwa kamati niliponyamaza, yeye alikuwa ameshakubali moyoni. Asingejitetea, na nilijua. Nilikuwa nimeshamwua ndani, nje ilibaki kuandikisha tu.

Sasa umeyapata yote. Siombi tena kwa niaba ya uzee wangu. Naomba tu nikiulizwa huko niendako, niwe na kitu cha kujibu.

Imesemwa na baba, imeandikwa na Mboni


8 Aprili 2025

Dada Fauzia,

Baba alifariki Alhamisi, tarehe tatu, baada ya alasiri. Tulimzika Ijumaa. Watu walikuwa wengi, wanafunzi wake wa zamani walitoka hata Masasi. Jeneza halikukaa kwenye bega moja hatua tatu.

Barua hii nimeichapisha dukani, haina mwandiko wa mtu, wala haitakuwa na jina chini. Nakuandikia ili usikae ukisubiri basi, na ili usije Mitwero ukapoteza safari.

Karatasi aliimaliza usiku wa kuamkia Idi. Nikuambie ilivyokuwa, kwa kuwa una haki ya kujua. Ilikuwa na majina matatu. Mahali, tarehe, namba ya kitambulisho, zote. Jina la mumeo alilitaja kamili mara mbili, na kijiji, na kwamba hana hatia, na habari ya lile daftari la nje pia aliiweka. Dole gumba tulilipaka wino wa muhuri, mimi mwenyewe nikamshika mkono. Lilitoka vizuri, mistari yote inahesabika. Mwandiko ulikuwa wa kizee lakini hakuna ambaye angeukana. Sheikh wenu angeikubali. Hata mimi niliposoma nililia.

Niliiweka jikoni chini ya sufuria ya pilau ya hitma yake. Karatasi moja haichemshi kitu, iliwaka tu ikaisha.

Mwanangu anaitwa Ibrahimu. Alipewa jina la babu yake siku ya saba, baba mwenyewe alimwadhinia sikioni. Posa yake iko Rutamba, na wazee wa kule huuliza jina kabla hawajamwuliza mtu. Kwa watu wa hapa jina hilo ni la mwalimu aliyefundisha nusu ya Lindi. Wewe una Ibrahimu wako, amekwisha kufa, halimdhuru tena. Mimi wa kwangu anaoa mwezi wa sita. Ungekuwa mimi ungefanya vile vile, na kama ungekataa usingekuwa mama.

Yale niliyoandika kwa niaba yake sikuyatia sahihi yake, ulione hilo kabla hujakimbilia kwa Sheikh. Watakaokuuliza nani amekuandikia haya, jibu baba alikwishakufundisha. Sifuri.

Jambo la mwisho, nalo nakupa bure. Siku zile tatu baada ya Idi aliuliza kila akifumbua macho, "Imefika?" Alhamisi nikamwambia, imefika baba, imesomwa msikitini, mama mkwe ameinuka kitandani, na mjane ametoa radhi. Hakuniamini. Akauliza, "Amesemaje? Sema neno lenyewe."

Nikainama sikioni nikamwambia, "Amesema, shikamoo Mwalimu."

Akatabasamu kama mtoto. Akaitikia, "Marahaba," na hakusema tena.